Alama Haba na Ombi la Pili

Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya Marekani vilimtaka mwombaji wa masomo ya uzamili au uzamivu alete, pamoja na vyeti vyake, alama za mtihani uitwao GRE. Mtihani huo ulianza kama jaribio mwaka 1936, kisha ukarithiwa na shirika la Educational Testing Service, lililoundwa mwaka 1947. Tangu mwaka 2020 vyuo vingi vimelegeza sharti hilo, na baadhi ya idara zimelifuta kabisa. Hata hivyo zipo zinazoushikilia mpaka leo, na wapo vijana wa Afrika ya Mashariki, wengine wamepita mikononi mwetu, ambao hukataliwa na kujiuliza kama yafaa waombe tena. Aghalabu jambo hili huzungumzwa kama suala la hesabu: aongeze alama ngapi ili apokelewe? Mimi naliona kuwa suala la maadili. Mtu aliyepimwa akaonekana amepungua, je, anadaiwa ukweli gani anaporudi mbele ya wale wale waliompima?

Tumfikirie kijana wa kubuni. Amehitimu shahada ya kilimo mjini Kampala, naye anataka kwenda kuchunguza magonjwa ya migomba. Katika hesabu amepata 161, katika lugha 146, na kila sehemu huhesabiwa kuanzia 130 hadi 170. Amekataliwa. Rafiki zake wanamliwaza kwa kumwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapana shaka, lakini methali hiyo haikusema kwamba mhunzi arudi motoni na koleo lile lile lililovunjika. Waombaji wengi wa mara ya pili hufanya hivyo hasa. Hubadili tarehe, hunyoosha sentensi mbili tatu, kisha hutumaini kwamba mwaka huu barua yao itaangukia mikono yenye huruma zaidi.

Sisi walimu wa lugha tunaweza kumsaidia kuelewa ile 146 inasema nini. Katika sehemu ya lugha mtahiniwa husoma vifungu na kujibu maswali, hujaza mapengo, na mahali pengine hupewa maneno sita achague mawili yatakayoipa sentensi maana moja. Basi tujiulize: mwanafunzi wetu wa Kiswahili akitakiwa aseme, kwa haraka, kama "kughairi" na "kuahirisha" ni mamoja, atajibu nini? Yupo mtu anayeendesha biashara zake zote kwa Kiswahili sokoni Bujumbura, hakosi neno, ila hapo atajikwaa. Kujikwaa kwake si ujinga. Wala si bure, kwa maana atakayesoma vitabu vya lugha hiyo kila juma atayahitaji maneno hayo. Vivyo hivyo ile 146 ina ukweli ndani yake: siku ile, kwa kasi ile, usomaji wa kijana katika Kiingereza cha vitabuni ulipungua. Kama ana subira ya kukaa shambani misimu miwili akihesabu majani yaliyonyauka, mtihani usiotimia saa mbili hauwezi kusema.

Hata wenye mtihani wenyewe huvionya vyuo visitumie alama peke yake kama chekecheo, na hukiri kwamba tofauti ndogo ya alama baina ya watu wawili haina uzito. Kamati inayomtupa mtu kwa sababu ya alama mbili imetenda isivyo haki. Lakini mwombaji asijifiche nyuma ya dhuluma hiyo. Mizani ikiwa mbovu, mzigo haujawa mzito kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo penye utata mkubwa. Sheria za mtihani zinamruhusu mtu kuurudia baada ya siku 21, hata mara tano katika miezi 12, na tangu mwaka 2012 anaruhusiwa kuchagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni. Zile nyingine chuo hakizioni. Je, huku si kudanganya? Wapo wasemao kwamba anayeficha alama zake za kwanza anaonyesha uso mmoja tu wa sarafu. Sikubaliani nao. Chuo kinaijua ruhusa hiyo, na kunyamaza pale ambapo msikilizaji anajua kwamba una haki ya kunyamaza si uongo. Fomu ikiuliza waziwazi umefanya mtihani mara ngapi, au kama umewahi kuomba hapo nyuma, hapo haki ya kunyamaza imekwisha. Linalonisumbua mimi ni jingine: kila kurudia kuna ada inayozidi dola 200. Ruhusa iliyoandikwa kwa ajili ya wote, basi, hutumiwa na wenye nacho, na alama ya tano ya mmoja huwekwa mezani kando ya alama ya kwanza na ya mwisho ya mwingine. Kamati haioni tofauti hiyo. Kwa kijana wetu, fedha hizo huenda zikafaa zaidi zikilipia mwaka wa kusoma kwa bidii kabla ya kurudia mara moja tu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husomwa vibaya, kana kwamba inamwambia mtu akae kitako. Inamtaka akiri matokeo ya shindano lililopita, kwani bila kukiri hawezi kujua ajizoeze nini. Katika barua yake ya pili kijana aseme kwa sentensi moja kwamba alama za lugha zilikuwa haba, asilalamikie umeme wala ugonjwa, kisha aeleze alichofanya tangu hapo: utafiti aliosaidia, taarifa aliyoiandika kwa Kiingereza, somo alilofaulu. Akikuta hana la kueleza, basi aahirishe, si lazima aghairi.

Nasi hatuko nje ya jambo hili. Kijana huyo atarudi kwetu kuomba barua ya udhamini, na katika kabati ipo nakala ya mwaka uliopita. Ni rahisi kuipiga chapa upya kwa tarehe mpya. Lakini kamati inayomuuliza amebadilika vipi inatuuliza sisi pia, na anayeweza kujibu ni mwalimu aliyeketi naye tena, akasoma alichoandika mwaka huu, akakitia kalamu nyekundu.