Khabari za Miungu Wenye Mipaka, na Khofu ya Sumbawanga

 

Liko jambo lililozoeleka kwa watu wa pwani, nalo ni kuitaja Sumbawanga kwa khofu. Mtu akipata barua ya uhamisho wa kazi kwenda huko, jamaa zake humtazama kana kwamba wanamuaga maiti. Mmoja humpa khabari za radi itumwayo na mtu kumwendea mtu. Wa pili humuusia asigombane na yeyote sokoni. Na wa tatu, ambaye pengine ndiye hodari wa kusali safu ya mbele, humchukua kwa mganga azindikwe kabla hajapanda basi. Wote watatu ni Waislamu, na wote watatu hukiri kwa ndimi zao kwamba hapana mwenye nguvu ila Mungu. Basi swali ni hili: mtu aitakidiye kwamba liko jimbo moja la dunia ambalo nguvu zitawalazo humo si zile zitawalazo Mombasa na Unguja, je, itikadi yake ni ya Mungu mmoja, au ni ya miungu waliogawana nchi?

Jina la mji lenyewe latosha kumtahayarisha mwenye khofu. Wenyeji husema kwamba maana yake ni "tupa uchawi", yaani ajaye mjini na autupe uchawi wake nje kabla hajaingia. Mji ulipewa jina la kuukataza uchawi, nao watu wa mbali wakaufanya kiti chake!

Nchi ya Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi hupita mita 2,000. Miti yake ni michache, majani ni mengi, na upepo wake ni wa baridi. Watu wake ni wakulima wastadi, wafukiao majani ndani ya matuta yakaoza na kuirutubisha ardhi. Na zamani walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma katika matanuri ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, ambayo magofu yake yaonekana hata leo. Wengi wao sasa ni Wakristo, na Waislamu wako. Khabari za itikadi yao ya kale ziliandikwa na mtaalamu Mwingereza, Roy Willis, aliyekaa kwao katika miaka ya 1960.

Wala si haki kusema kwamba Wafipa wa kale hawakumjua Muumba. Walimjua, na jina lake kwao ni Leza, jina ambalo huonekana pia kwa majirani zao mpaka ndani ya nchi ya Zambia. Walakini Leza alikuwa mbali. Mambo ya kila siku, kama mvua na uwindaji na uvuvi na maradhi, yalipelekwa kwa mizimu ya nchi, na kila mzimu ulikuwa na makao yake, huu mlima, huu msitu, huu maji. Chatu aliheshimiwa kwa kuwa ni umbo ambalo mzimu wa mahali hujionyesha kwalo. Upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika alitajwa Kapembwa. Na upande wa kaskazini wa Ufipa alitajwa Katavi, asemwaye kuwa zamani alikuwa mwindaji, na roho yake ikakaa katika mkwaju kando ya ziwa lichukualo jina lake. Wapitao waliweka sadaka chini ya mti ule.

Hapa ndipo penye kutazamwa na mwenye akili. Aliyepita penye mkwaju alimpa Katavi haki yake. Akishalivuka ziwa, ameingia kwa mwingine. Wazee wa pwani waliosafiri bara zamani za misafara walilijua sana jambo la namna hii, kwani ndilo hongo. Msafara ukifika kwa mtemi ulitoa nguo na shanga na waya, ukipita mto ukatoa tena kwa mtemi wa ng'ambo, na hapana mtemi hata mmoja ambaye risala yake ilimtosha msafiri mpaka Ujiji. Basi sadaka ya mkwajuni ni hongo kwa ghaibu. Na mwenye kutoza hongo, hata awe mkubwa namna gani, amekiri kwamba ng'ambo ya mto si kwake.

Mwenye mpaka ana jirani, na mwenye jirani hawezi kufanya kila atakalo. Hii ndiyo hoja ambayo wanazuoni wa elimu ya tauhidi huiita tamanui, yaani kuzuiana: wakiwapo wawili, mmoja akataka mvua inyeshe na wa pili akataka isinyeshe, ama litakuwa neno la mmoja, na yule wa pili si mungu, ama halitakuwa la yeyote, na wote wawili ni wanyonge, ama watapatana, na mwenye kuhitaji kupatana na mwenziwe si muweza. Asili ya hoja hii imo katika Qurani, katika sura ya Anbiyaa na sura ya Muuminuna. Na Ufipa wenyewe ni mfano mdogo, kwani palikuwa na nchi moja na watu wamoja, ikagawanyika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na khabari za ugomvi wao zimo katika masimulizi ya wazee. Ikiwa uwanda mmoja haukuwatosha wafalme wawili wa ukoo mmoja, mbingu na ardhi zitawatoshaje miungu?

Ajabu ni kwamba hoja hii imethibitishwa na watu ambao hawakuikusudia dini hata kidogo, bali walikuwa wakicheza. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji hukaa mezani. Mmoja husimulia kisa, na wengine kila mmoja hujifanya mtu fulani, mpiga upanga au mchawi au kasisi, na dado zenye nyuso nyingi huamua nani amefaulu na nani ameshindwa. Mchezo huo umeenea duniani, na michezo ya kompyuta iliyozaliwa nao imefika hata kwa vijana wa pwani. Kumtaja mungu wa uongo katika hadithi ambayo msimulizi na msikilizaji wote wajua ni uongo si kumwabudu, kama vile kusimulia khabari za zimwi si kuamini zimwi. Baba ambaye mwanawe hucheza hivyo na amwulize kwanza khabari ya sala ya alasiri, iliyopita wakati dado zikirushwa.

Sasa, wachezaji wale walihitaji miungu wa kutia katika hadithi, na mwaka 1980 kikachapwa kitabu chao kiitwacho Deities & Demigods. Ndani yake wamepangwa miungu wa Misri ya kale, na wa Wayunani, na wa mataifa ya kaskazini ya Ulaya, na wengineo, kila mmoja na makao yake na kazi yake. Na kwa kuwa mchezo hauendi bila hesabu, kila mungu ameandikiwa kiasi cha uhai wake kwa tarakimu. Zeus wa Wayunani ana 400. Apigwaye hupunguziwa, na tarakimu zikimalizika amekwisha. Asomaye hucheka, walakini wale watungaji walisema kweli kuliko makasisi wa Zeus, maana kila chenye mpaka huhesabika, na kila kinachohesabika hufika mwisho.

Mwaka 1987 zikatoka khabari za dunia nyingine ya mchezo huo huo, iitwayo Forgotten Realms, aliyoibuni Ed Greenwood wa Kanada. Huko yuko mungu wa mauti, na mungu wa udhalimu, na mungu wa kike wa uchawi, na wa bahari, na wa mavuno, wakivutana na kunyang'anyana kazi kama mahamali bandarini. Hadithi zilizochapwa mwaka 1989 zasimulia kwamba wawili miongoni mwao waliiba mbao za majaaliwa, na watungaji wakaona kuwa fujo ile haitakwisha ila awepo mmoja aliye juu ya wote. Wakamleta, jina lake Ao, naye akawashusha duniani wakatembea kama watu, na baadhi yao wakauawa. Tazama basi: hata wachezao, walipotaka dunia yao isivunjike, walilazimika kumtafuta mmoja! Kisha wakaikosa njia, kwani katika mwisho wa kisa Ao mwenyewe yuaonekana akipeleka khabari kwa mkuu aliye juu yake. Na akili huuliza, huyo naye yuko chini ya nani? Wanazuoni huliita jambo hili tasalsuli, yaani mnyororo usio na kichwa, na chombo kisicho na nanga hakisimami kwa kuongezewa pingili.

Jingine katika kisa kile ndilo zito zaidi. Ao aliamuru kwamba tokea siku ile nguvu za kila mungu zitakuwa kwa kadiri ya watu wamwabuduo, akisahauliwa hudhoofika. Mwenye kutafakari ataona kwamba hii ndiyo siri ya kila mzimu. Mungu wa namna hiyo halishwi na mwingine ila mja wake, naye mja ndiye bwana wa kweli, kwani akiondoa mkono hapana kitu. Mwenyezi Mungu ni Mkwasi asiyehitajia. Wakimsujudia wote hawamzidishii, na wakimkataa wote hawampunguzii.

Na mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho na arudi kwenye mkwaju wa Katavi. Mwaka ule ule wa 1974 nchi iliyo kando ya ziwa lile ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na leo humo hamna vijiji. Wenyeji ni viboko na mamba na nyati na simba. Ziwa Katavi hujazwa na mto Katuma, na katika miaka ya karibuni mto ule umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi hata viboko wakasongamana matopeni kwa mamia. Sababu ijulikanayo ni kwamba watu wa juu ya mto wameyachepusha maji kwa mifereji ili wamwagilie mpunga. Huyu aliyekuwa mwenye ziwa ameshindwa na jembe la mkulima asiyemjua hata jina.

Mtu wa pwani asomaye haya asifanye haraka kuwacheka wa bara. Ni nani awashaye ubani katika mapango ya mizimu, na kufunga vitambaa vyeupe na vyekundu, na kumwagia marashi jiwe? Ni nani atengenezaye chano cha pepo, kikatiwa halwa na mayai, kikapelekwa ufuoni usiku? Naye aghalabu asubuhi huonekana msikitini. Amempa Mungu msikiti, akampa jini bahari, akampa pepo chumba cha mgonjwa, na sasa amempa mchawi Sumbawanga. Washirikina wa Makka nao walikuwa hivyo hivyo: walikiri kwamba aliyeumba mbingu ni Allah, kisha wakagawa kazi ndogo ndogo kwa wengine.

Huenda akasema mwenye kusema: je, uchawi si umetajwa katika Qurani? Naam, umetajwa katika sura ya Baqara, na hapo hapo ikaelezwa kwamba wachawi hawamdhuru mtu ila kwa idhini ya Mungu. Idhini hiyo haina mkoa. Tena khofu ni namna mbili. Amwogopaye simba wa Katavi hana lawama, kwa kuwa simba aonekana na meno yake yaonekana. Na aogopaye radi katika uwanda usio na miti, ambako mkulima asimamaye shambani ndiye mrefu kuliko vyote vilivyomzunguka, huyo ana akili, na aingie nyumbani. Khofu ya haramu ni ile ya siri, ya kumwekea kiumbe uwezo usiotoka kwa Muumba, hata mtu akanyenyekea na kutoa mali ili aachwe.

Wala haikomei moyoni. Mwaka 1963 na 1964 watu waitwao Kamcape walizunguka vijiji vya Ufipa wakiwafichua waliodaiwa kuwa wachawi, na kuwachanja watu dawa kwa malipo. Na katika mikoa ya magharibi ya Tanzania wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma, na ushahidi juu yao ulikuwa macho mekundu, ambayo ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Sheria iliyowekwa Tanganyika mwaka 1928 yamfanya mkosa hata anayemtuhumu mwenziwe kwa uchawi. Walakini yule wa Tanga au Lamu asimuliaye barazani, kwa kicheko na kahawa mkononi, jinsi Sumbawanga ilivyojaa wachawi, hushiriki katika kumtia shaka bibi kizee asiyemjua, ambaye khatari yake si kicheko.

Basi yule aliyepata barua ya uhamisho afanyeje? Fedha ya mganga na aitoe sadaka kwa jirani yake mwenye njaa, au ainunulie blanketi zito, maana mwezi wa Juni na Julai baridi ya Sumbawanga ni kali kwa aliyezoea joto la pwani. Akifika aulize msikiti. Atakuta kwamba kibla, ambayo Mombasa ni kaskazini sawasawa, huko huinama kidogo upande wa mashariki.