Je, Kila Kupona Ni Mwujiza?

Mama mmoja wa misioni yetu alitokwa na vipele vyekundu mikononi na mapajani. Vingine vikawa vidonda. Wakristu wakasali novena. Mfumu naye akampa majani, akachukua mbuzi. Baada ya majuma sita vyote vikakauka, yakabaki makovu. Mfumu akajisifu sokoni. Nami, mwalimu wa dini, nikatangaza kanisani: mwujiza!

Miezi mitatu haikupita, vipele vikarudi. Mama akaniuliza: «Mwalimu, nimekosa nini hata Mungu aninyang'anye zawadi yake?» Nikanyamaza.

Munganga wa hospitali alikata kipande cha ngozi, kikatazamwa kwa mikroskopi. Ugonjwa huo ni haba, jina lake limfomatoidi papulosisi. Daktari Macaulay aliueleza mwaka 1968. Ukiutazama kwa mikroskopi utadhani ni kansa kali. Lakini kila kipele hupona chenyewe kwa majuma machache, kisha vingine huota, pengine kwa miaka mingi. Wengi huishi nao hata uzee. Wachache hupata kansa nyingine ya damu ya limfu. Kwa hiyo mgonjwa asiache kamwe kuonwa na daktari.

Basi mfumu alilipwa mbuzi kwa kazi asiyoifanya. Na mimi je? Nilitenda kama yeye, ila sikuchukua mbuzi.

Lambertini, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto XIV, aliandika kati ya 1734 na 1738 namna ya kupima mambo haya: ugonjwa uwe mzito, usiwe wa kutulia wenyewe, na ukiisha kupona usirudi. Kanisa linasadiki miujiza, na kwa sababu hiyo halina haraka ya kuitangaza.

Mtu atasema: basi Mungu hakutenda neno. Sivyo. Ngozi inayojifunga yenyewe, nani aliyeiumba? Majuma ya kupumzika ni zawadi, hata yakiwa machache. Na ugonjwa ukirudi si adhabu: Bwana wetu Yezu Kristu aliwakataza wanafunzi wake kutafuta dhambi ya yule aliyezaliwa kipofu.

Nilimwendea yule mama, nikamwomba radhi. Maana uwongo wangu wa ibada ulimwumiza kuliko vidonda. Sasa anakwenda kwa munganga, na novena hakuiacha.

Ndugu, tumshukuru Mungu kwa yaliyo kweli. Hana haja ya kupambwa kwa uwongo.