Katani Ndani ya Mpira

Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, ina shamba la mpira la Kihuhwi na ina mashamba ya mkonge tangu enzi za Wajerumani. Asili ya mpira ni Amazoni, asili ya mkonge ni Mexico, na mimea hii miwili ya ugenini imeishi jirani kwa miaka mingi bila kuhitajiana. Ujirani huo umenirudia akilini kwa sababu huko Kerala, India, hasa mjini Kottayam, watafiti wameshughulika kwa miongo kadhaa kuchanganya mpira wa asili na nyuzi za mimea: za makumbi ya nazi, za majani ya nanasi, na katani yenyewe, yaani nyuzi za mkonge. Wanataka nyuzi zichukue walau sehemu ya kazi inayofanywa leo na masizi meusi yatokanayo na mafuta ya petroli, yaani kuupa mpira ugumu na nguvu.

Kazi yenyewe inadai subira. Katani hupenda maji, mpira huyakataa. Ukivichanganya vivi hivi, vinakaa pamoja bila kushikana. Kivute kipande hicho mpaka kikatike, ukitazame kwa darubini, na utaona vitundu visafi pale nyuzi zilipochomoka kama kisu kitokavyo alani. Ndiyo maana nyuzi huoshwa kwanza kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ili nta na utando viondoke na mpira upate mahali pa kushika. Hata hapo kuna kiasi: ukizidisha nyuzi, mpira unakuwa mgumu lakini haunyumbuki tena. Nawaheshimu watu wanaokesha juu ya jambo dogo kama hilo.

Lakini je, kitu kikitoka shambani badala ya kisima cha mafuta, basi kimeshakuwa chema? Kumbukumbu ya bidhaa hizi mbili inanizuia kuitikia haraka. Mpira uliomtajirisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ulikuwa wa mimea mitupu. Ulikamuliwa kutoka mimea itambaayo ya misitu ya Kongo, jamaa ya mibungo na mitoria yetu ya pwani, na kijiji kilichoshindwa kutimiza kiasi kilichodaiwa kilichomwa moto, wake wakashikwa mateka, watu wakakatwa mikono. Utawala wa Leopold huko Kongo ulidumu kuanzia 1885 hadi 1908. Mkonge nao, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893, ulistawishwa kwa jasho la manamba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali, wakaacha nyumba zao kwa ujira mdogo. Hakuna tone la petroli lililohitajika ili unyonge huo utokee.

Na kazi yenyewe haijawa nyepesi. Mgema mpira huingia shambani alfajiri, utomvu ukiwa bado unatiririka vizuri, akachanja gome kwa mshazari bila kuujeruhi mti ndani. Mkata mkonge hukwepa miiba iliyo kwenye ncha za majani, na maji ya jani yakimgusa ngozi humuwasha. Tani 100 za majani zikipita kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi, hutoa takriban tani 4 tu za nyuzi. Nyuzi za plastiki zilipolichukua soko la kamba, watu hawa ndio waliobaki na mashamba yaliyogeuka pori.

Natamani kwa dhati siku moja katani ya Tanga iingie katika mikanda ya mashine, mazulia na soli za viatu. Nasikia hesabu nyingi juu ya hewa ukaa itakayoepukwa, nami nazikubali. Ila ni nani ataiweka katika hesabu hiyohiyo bei ya mzigo wa majani, glavu na buti za mkataji, na shule ya watoto wa kambini? Bidhaa ikipewa jina la endelevu kabla maswali hayo hayajajibiwa, mimi bado nitasita kulitamka.