Je, Kinga Huleta Dhambi?

Twasikia wazazi wengine wakisema, "Binti yangu hatachanjwa. Chanjo ile ni ya ugonjwa wa zinaa. Kumchanja ni kumpa ruhusa." Neno hili hatulicheki, maana latoka kwa watu watakao watoto wao wawe safi. Walakini yatupasa kulipima.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi, iuayo wanawake wengi katika nchi yetu ya Tanzania, karibu daima huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanamume aweza kuwa navyo asione dalili hata moja. Saratani nayo huchukua miaka mingi, pengine 15 au 20, ndipo ionekane. Chanjo huzuia maambukizo. Haimponyi aliyekwisha kuyapata. Ndiyo sababu hutolewa mapema. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Na mwaka 2024 ilianza kutolewa mara moja tu kwa wenye miaka 9 hata 14.

Basi na tufikiri. Binti aliyelelewa vema ataingia katika ndoa akiwa bikira, naye atakuwa mwaminifu hata kufa. Je, mumewe? Hata ikiwa ameziacha njia zake za zamani, toba husafisha moyo, lakini haifukuzi virusi mwilini. Hivyo mwanamke asiye na kosa aweza kuzikwa kwa kosa la mtu mwingine, lililotendwa kabla hawajaonana.

Atiaye komeo mlangoni hamwaliki mwizi. Wala kwa kutia komeo hajaacha kuwafundisha watoto wake wasiibe. Ni kazi mbili. Anayetumaini kwamba sindano itafundisha tabia njema amekosea. Naye anayetumaini kwamba tabia njema ya binti yake itazuia ugonjwa wa mtu mwingine amekosea vilevile.

Nao akina mama wasidhani kwamba wamesahauliwa. Waende wakapimwe, kwani dalili zikigunduliwa mapema hutibiwa kabla hazijawa saratani. Wahenga walisema, Mficha uchi hazai.

Lakini liko neno moja lituchomalo sisi wazazi. Twawauliza binti zetu walikokuwa jioni, na ndugu zao wa kiume twawaacha wapite. Ikiwa kweli twaogopa dhambi, na tuanze kuwauliza hao pia.