Timu Ikishinda Bila Wewe



Leo naomba tuongee mpira. Najua wapo watakaoguna, maana tumezoea kukutana hapa kwa habari za Rozari, Kwaresima na miito. Vumilieni kidogo. Kuna swali nimelisikia kwenye vijiwe vya Mbeya na nikalikuta tena kwenye kamati ya vijana wa parokia huku Iringa, na huku Iringa lilimuumiza mtu.

Swali lenyewe ni hili: mchezaji mwenye thamani kweli kwa timu yake ni yupi?

Mnaofuatilia ligi yetu mnakumbuka mwaka 2022. Yanga walichukua ubingwa wa msimu wa 2021/22 bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Fiston Mayele alifunga mabao 16, akapitwa bao moja tu na George Mpole wa Geita Gold aliyemaliza na 17. Kila Mayele akifunga anatetema, na watoto wa nchi nzima wakawa wanatetema, hadi kwenye mechi za chandimu. Halafu ikaja siku ya tuzo, na Mchezaji Bora wa Ligi Kuu akatangazwa Yannick Bangala. Mkongo mwenzake, timu moja. Kiungo mkabaji ambaye kocha akikwama anamrudisha beki ya kati, na yeye anaenda bila neno.

Jamani, vijiwe vilichemka! Pale Mwanjelwa kwa kinyozi nilikokuwa nanyoa, watu walisahau hadi zamu zao za kiti. Upande mmoja: mpira ni magoli, bana, hakuna timu iliyopewa pointi tatu kwa kukaba. Upande wa pili: huyo mfungaji mpira alipewa na nani, na nani aliupokonya kwanza kutoka kwa adui?

Sio sisi tu. Marekani wana mpira wao wa kukimbia na mpira mikononi, na humo kuna mchezaji wanayemwita kwotabaki, anayeamua mpira uende wapi. Tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote kule ni kama ameandikiwa yeye. Tangu Adrian Peterson aipate kwa msimu wa 2012, hakuna wa nafasi nyingine aliyeigusa. Wakati mbele yake wanasimama wanaume watano wenye miili kama milango ya kanisa, kazi yao kuu akitaka kurusha ni kuzuia asiangushwe, na mashabiki wengi hata majina yao hawayajui. Na wao wanabishana kila mwaka kama sisi kwa kinyozi.

Pale kinyozi kulikuwa na mzee mmoja alikata mzizi wa fitina, au alidhani amekata. Alisema: "Mwondoe uone. Timu ikiyumba, huyo ndiye alikuwa mchezaji."

Kipimo hicho kina nguvu. Kwa Claude Makélélé kinafanya kazi vizuri sana. Mwaka 2003 Real Madrid walimwachia aende Chelsea. Alitaka mshahara uongezwe, wakubwa wakaona kiungo wa kukaba si mtu wa kulipwa hivyo, na majira hayo hayo David Beckham alikuwa ameshaingia. Ubingwa wa ligi haukurudi Madrid mpaka 2007. Chelsea nao wakabeba ubingwa wa Uingereza mara mbili mfululizo, 2005 na 2006, yeye akiwa katikati. Walimwondoa, wakaona.

Lakini hebu turudi nyumbani tutumie kipimo hicho hicho. Mwaka 2023 Mayele aliondoka kwenda Pyramids ya Misri. Mwaka huo huo Bangala naye akaondoka kwenda Azam. Yaani wote wawili tuliogombana kwa ajili yao. Na Yanga? Wakachukua ubingwa wa 2023/24, na mfungaji bora wa ligi akatoka kwao, Aziz Ki, mabao 21. Waliondolewa, na timu haikuyumba.

Sasa tusemeje, kwamba hawakuwa na thamani? Hakuna aliyewaona uwanjani atakayekubali. Kwa hiyo kipimo cha yule mzee kina tatizo. Mara nyingi kinapima benchi na mfuko wa klabu, kinapima kama kuna aliyeandaliwa, halafu sisi tunamsomea majibu yule aliyeondoka kana kwamba ni yake.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalijua hili kwa machungu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza ikamaliza ya tatu, chini ya kocha Juma Mwambusi, nyuma ya Azam na Yanga, na Simba wakiwa chini yake. Uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa mpaka watu wanapanda miti. Baadaye timu kubwa zikaja kuchukua: Deus Kaseke akaenda Yanga, Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga. Mwaka 2023 tukashuka daraja. Iringa nao walikuwa na Lipuli. Mei 2019 waliwapiga Yanga 2-0 pale Samora, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda fainali Lindi wakafungwa 1-0 na Azam. Msimu uliofuata wakashuka. Kwa kipimo cha "mwondoe uone", waliotoka kwenye timu hizi wanaonekana dhahabu tupu, maana vilivyobaki vilianguka. Mimi naona kuanguka huko ni sifa ya kusikitisha. Wachezaji siwalaumu, mtu ana familia na klabu zetu za mikoani zinaishi kwa kuungaunga fedha. Nasema tu kwamba timu iliyokufa baada yako haitoshi kuthibitisha kuwa ulikuwa mkubwa.

Basi thamani tuitafute wapi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, anapoeleza jinsi Mungu anavyoutawala ulimwengu, anajiuliza kwa nini Mungu hafanyi kila kitu peke yake wakati anaweza. Jibu lake ni kwamba ni ukamilifu mkubwa zaidi kitu kuwa chema na tena kuwa chanzo cha wema kwa vingine, kuliko kuwa chema chenyewe tu. Anatoa mfano wa mwalimu: yupo anayewapa wanafunzi elimu, na yupo anayewafanya wanafunzi wawe walimu wa wengine. Mungu ni kama huyu wa pili. Hana wivu na uwezo wa viumbe vyake.

Nikisoma hapo namwona kiungo mzuri. Mshambuliaji anageuka vizuri kwa sababu mpira ulimfikia kwenye mguu anaoutaka. Beki wa pembeni anapanda bila hofu kwa sababu anajua nyuma yake kuna mtu. Ukimwangalia kiungo peke yake kwenye televisheni unaweza kusema hajafanya kitu dakika tisini. Inabidi uwaangalie wale kumi wengine, uone nani amekuwa bora kuliko alivyo. Na akiwa mzuri zaidi ya hapo, hata akiondoka, yale aliyowazoesha wenzake yanabaki miguuni mwao.

Ni kinyume kabisa cha kipimo cha mzee. Na Injili inaegemea huku. Yohane Mbatizaji alikuwa na wafuasi, alikuwa na jina, umati ulimfuata jangwani. Alipoambiwa watu sasa wanamwendea Yesu, alisema furaha yake imetimia, na kwamba imempasa apungue. Na Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa mwisho, aliwaambia mitume kuwa kuondoka kwake kunawafaa. Fikiria maneno hayo yatoke kwa nahodha wa timu yoyote! Sisi wengi tukiondoka kwenye kwaya au kwenye uongozi wa VIWAWA tunatamani kimoyomoyo mambo yaharibike kidogo, ili watu waseme, "enzi za fulani bwana."

Nilikuwa na hoja hii kichwani ilipokuja habari ya parokia yetu.

Vigango vyetu hucheza bonanza kila Agosti, vumbi likiwa limekolea na baridi ya asubuhi bado inauma. Mwaka jana kigango chetu kilikuwa na mfungaji mkali, kijana fundi pikipiki, mabao tisa. Na kilikuwa na kiungo, dereva wa bodaboda, mtu wa maneno machache. Robo fainali akaumia goti. Mechi mbili zilizobaki alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya uwanja, mguu umenyooshwa juu ya tofali, na jioni za mazoezi alikuwa akimfundisha dogo wa kidato cha tatu aliyechukua namba yake: simama wapi, geuza mwili kabla mpira haujafika, usikimbilie kila kitu. Tukashinda nusu fainali. Tukachukua kombe.

Ikaja kamati kuchagua mchezaji bora, zawadi jezi na bahasha ndogo. Mtu mmoja akamtaja yule kiungo. Papo hapo mwenzetu mwingine akajibu, wala si kwa ubaya: "Huyo? Si tumeshinda bila yeye?" Watu wakacheka, mimi nikajenga hoja yangu yote niliyowaandikia hapo juu, pamoja na Thoma wa Akwino. Nilisema dogo wa kidato cha tatu alikuwa anacheza kwa macho ya yule aliyekaa kwenye kiti, na kwamba kombe lile ni ushahidi wake. Wengine walinielewa. Wengine walishikilia mabao tisa, na sio hoja ya kupuuza, mabao tisa ni mabao tisa.

Shida ni kwamba maneno yalitoka nje ya kikao. Simu siku hizi haziachi kitu. "Tumeshinda bila yeye" ikamfikia mwenyewe, akiwa nyumbani, goti limevimba, pikipiki ya tajiri ameshapewa dereva mwingine, na huko nako kazi inaenda bila yeye. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani. Jumuiya hakuja. Wiki tatu.

Kikao cha pili alikuwepo mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, amealikwa kwa mambo ya chakula cha sherehe. Alitusikiliza tukirudia mabishano yale yale. Kisha akauliza taratibu, "Wanangu, hivi mnajadili jezi au mnajadili mtu?"

Nikajibu kwamba tunajadili thamani ya mchezaji, mama.

"Sawa. Na angeumia goti asimfundishe mtoto wa watu chochote, akae tu pale kwenye kiti anune, na mkafungwa. Mngeenda kumwangalia?"

Hakuna aliyejibu haraka.

Nimelifikiria swali lake tangu siku ile, na sidhani linaiua hoja yangu. Mchezaji kama mchezaji ana thamani inayopimika, na haki inadai tuipime vizuri, tusimnyime mkabaji kwa sababu mabao yanapiga kelele. Hapo bado nipo na Bangala. Lakini thamani hiyo, hata ile nzuri ya kuwafanya wengine wawe bora, bado ni ya kazi. Goti linaweza kuichukua jioni moja. Paulo, kwenye waraka wa kwanza kwa Wakorintho sura ya 12, anaposema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, hasemi kwanza tuhakikishe vinafanya kazi gani. Anasema kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia pamoja nacho. Na ajabu ya Kiswahili chetu, huyu wa uwanjani na huyu wa mwilini tunawaita jina moja, kiungo, na kazi ya wote wawili ni kuunga.

Kwa hiyo ndani ya Kanisa yapo maswali mawili, na tulikuwa tumeyafanya moja. Nani apewe jezi, hilo mbishane mpaka usiku, ni halali na linanoga. Nani ni wetu, hilo halipigiwi kura, na asije mtu akalijibu kwa matokeo ya mechi. Nadhani ndiyo maana sentensi ya "tumeshinda bila yeye" ilichoma vile: aliyeisema alikuwa anajibu swali la kwanza, aliyeisikia alisikia jibu la pili.

Kura zilipigwa. Mfungaji alipata sita, kiungo akapata tano. Mimi nilimpigia kiungo na kesho ningempigia tena. Aliyesema yale maneno kwenye kikao cha kwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi kule nyumbani, na walikaa nje kwenye benchi muda mrefu, sijui waliongea nini. Jumapili ya pili baada ya hapo kiungo wetu alikuja Misa ya kwanza, akakaa nyuma karibu na mlango ili mguu upate nafasi.

Goti bado. Daktari amesema apumzike miezi kadhaa na kufanya mazoezi ya kunyoosha mguu. Mama mwenyekiti ametupangia zamu za kumsindikiza hospitali na kumpelekea chochote kilichopo, na jina la mfungaji wa mabao tisa lipo Jumanne. Mimi nipo Alhamisi.