Mvua Ambayo Rose Hakuiomba

The African Queen, filamu aliyoiongoza John Huston mwaka 1951, ni kati ya filamu chache za enzi kuu ya Hollywood ambazo kisa chake kinagusa Ziwa Tanganyika. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Louisa, meli ya Kijerumani inayowindwa humo, inakumbusha meli ya kweli, Graf von Götzen, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isije ikatekwa, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kwa miongo mingi watu wa Sumbawanga waliteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, kupitia Matai, kwenda kuipanda huko Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg.

Filamu hii husifiwa zaidi kwa mapenzi yaliyomo, na kwa tuzo ya Oscar aliyoipata Humphrey Bogart. Uzito wake hasa umo katika swali la dini: mtu akishafanya yote awezayo, sala inaongeza nini?

Rose Sayer, dada wa mmisionari, anayeigizwa na Katharine Hepburn, na Charlie Allnut, nahodha wa mashua chakavu, wakielekea ziwani kuilipua Louisa, wanakwama kwenye matete mto unapokaribia ziwa. Charlie anaingia majini na kuikokota mashua kwa kamba. Anapopanda, mwili umejaa ruba, naye anatetemeka kwa kinyaa huku wakizinyunyizia chumvi ziachie. Kisha anayatazama matete yaliyobaki na kurudi majini. Hatimaye homa inamlaza, na Rose anasali. Sala yake haitaji mvua. Anaomba tu kwamba wakifa wapokewe, na wapimwe kwa upendo wao, si kwa udhaifu wao. Kamera inapaa juu ya matete na kuonyesha kwamba ziwa liko karibu mno. Mvua inanyesha mbali, mto unajaa, na mashua inaelea.

Ni rahisi kusema sala imejibiwa. Lakini kilichotolewa hakikuombwa, na kilichoombwa hakikutolewa. Mungu wa filamu hii hafanyi biashara ya kupokea maneno na kulipa kwa matukio. Wala mvua haikuifuta kazi ya Charlie. Asingeikokota mashua hadi pale, mto ungejaa bure.

Mkulima wa Ufipa hahitaji sinema ili alijue jambo hilo. Kabla masika hayajaisha, udongo ukiwa bado laini, nyasi hufukiwa chini ya mabonge ya udongo, shamba zima likawa matuta ya mviringo. Nyasi huoza humo kiangazi chote. Mvua zikirudi, karibu na Novemba, matuta hutawanywa na ulezi hupandwa. Kazi hutangulia mvua kwa miezi mingi. Matuta hayaleti mvua, na mvua ikikuta shamba halijalimwa huotesha magugu. Anayeomba mvua akiwa ameshalima haombi apunguziwe kazi. Anaomba sehemu isiyo yake.

Kwa watu kama mkulima huyo ndipo filamu inapopungukiwa vibaya. Wanakijiji wa mwanzoni wanaonekana kanisani wakifuatisha wimbo wasiouelewa, kijiji kinachomwa moto, nao hawaonekani tena. Hakuna anayeuliza wao walisali vipi. Lakini sala haikuanza na wamisionari: Ufipa watu walimtaja Mungu kwa jina la Leza kabla wamisionari Mapadri Weupe hawajafika Karema mwaka 1885.

Mwisho wa filamu unalikaza swali lilelile la sala. Katika riwaya, Louisa inazamishwa na boti za kivita za Waingereza. Huston aliubadilisha mwisho huo. Katika filamu yake, dhoruba ya ziwani inaipindua mashua kabla haijaifikia meli, na mpango wote unaonekana umekufa. Baadaye Louisa inagonga gofu la mashua hiyo iliyopinduka, na mabomu aliyoyatengeneza Charlie kwa mikono yake yanalipuka. Rose na Charlie, waliokuwa wametekwa na Wajerumani na karibu kunyongwa, wanajikuta majini wakiogelea kuelekea nchi kavu.