Saa Tano ya Usiku

Mimi si mnywaji. Nalisema mapema ili msomaji wa kanisani asilikunje gazeti, na mnywaji naye asidhani nimemvizia na mahubiri. Ninachokipenda ni baraza, na mahali penye pombe pakitunzwa vizuri huwa baraza zuri kuliko ukumbi wowote wa mikutano.

Waingereza wanalijua hilo. Pale Fleet Street, London, ipo baa iitwayo Ye Olde Cheshire Cheese, iliyojengwa upya mwaka 1667 baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia. Wageni hupiga picha mbao zake kuukuu na vyumba vyake vyenye giza. Hata hivyo, mwandishi George Orwell, alipoieleza mwaka 1946 baa aliyoitamani, alisisitiza utulivu: isiwe na redio wala piano, watu wapate kuzungumza. Mwishowe akafichua kwamba baa yenyewe haipo duniani.

Angekuja kwa Wanandi angeipata, ila haikuwa na mlango. Chungu cha pombe kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka kwa kufuata marika, kila mmoja na mrija wake mrefu. Maji ya moto yaliongezwa kidogo kidogo, na maneno yakaenda kwa mwendo huohuo: mahari, mpaka wa shamba, ng'ombe aliyepotea. Kijana aliagizwa maji ya kuongeza, si mrija. Hakuhitaji askari wa kumzuia; baba yake na rika lote la baba yake walikuwa wameketi pale wakimtazama.

Walowezi nao walikuja na unywaji wao. Makaburu walioongozwa na Van Rensburg walifika nyanda hizi mwaka 1908, mji ukaota kwenye shamba nambari 64, na ndiyo maana wazee bado huuita Eldoret "Sisibo", yaani "sixty-four" kwa matamshi ya huku. Miongoni mwa baa zake za mwanzo ilikuwamo moja iliyoitwa Rat Pit. Mwafrika hakuwa na kiti katika baa za namna hiyo, na hadi miaka ya 1940 sheria ilimkataza hata kuonja bia ya chupa. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisifu ukarimu wa baa ya Kiingereza, nacheka kidogo. Huku kwetu ukarimu huo ulikuwa na rangi.

Kilichokitoa chungu uani, lakini, si mlowezi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali yetu wenyewe ilipiga marufuku pombe za kienyeji, na mwaka 1980 ikatunga sheria mahususi dhidi ya chang'aa. Uingereza ilianza kutoa leseni kwa nyumba za pombe mwaka 1552, muuzaji akajulikana na majirani wakajua anayeingia na anayetoka. Sisi tulikisukuma chungu kwenye mahindi. Kule kwenye mahindi hakuna mpangilio wa marika wala macho ya baba. Yupo kijana, kikombe cha plastiki, na mbio za kukimaliza kikombe hicho kabla chifu hajatokea. Mwaka 2010 chang'aa iliruhusiwa tena kwa masharti, lakini wazee walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Sheria hiyohiyo ya 2010, tuliyoizoea kwa jina la Mututho, mbunge aliyeiwasilisha, huamuru baa zifungwe saa tano usiku. Ni saa ileile ambayo kwa miaka mingi baa za Uingereza zilifunga, mwenye nyumba akigonga kengele na wateja wakimalizia glasi kwa minong'ono ya kulalamika. Kwetu kengele ni taa za gari la polisi, na malalamiko hufanyika mbioni.

Baa mpya zinazidi kufunguliwa kandokando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Eldoret, nami huingia humo kunywa chai, pale inapopatikana. Viti ni vizuri, nyama choma haina lawama. Lakini spika! Mtu aliye mkono wako wa kulia humsikii, basi unaangalia mpira wa Uingereza na yeye anaangalia simu. Nimemwomba mwenye baa mmoja apunguze. Akanijibu kwamba muziki ndio unaoleta wateja. Pengine. Mimi nataka auzime Jumanne moja tu, siku ambayo biashara ni mbovu vyovyote, avute benchi refu katikati, aweke na birika la chai, kisha ahesabu fedha zake saa tano.